Shajara ya mradi: mbuga ya Kilombero kwa picha za setilaiti

3 Machi 2025

Mipango ya matumizi bora ya ardhi tayari ipo. Naanza na hilo kwa sababu kila tunapopiga hodi ofisi ya kijiji, mtu anadhani tumekuja kupanga upya. Kati ya 2016 na 2019 wilaya za Kilombero, Ulanga na Malinyi, mkoani Morogoro, zilipitiwa na programu kubwa ya umilikishaji ardhi, iliyogharamiwa na serikali ya Tanzania pamoja na Uingereza, Sweden na Denmark. Vijiji vingi vilipimwa mipaka, vikapata mpango, na wananchi wakapewa hati za hakimiliki ya kimila. Ramani hizo bado zimebandikwa ukutani kwa watendaji, nyingine zimeshapauka kwa jua la dirishani.

Swali la mradi wetu ni dogo: ardhi inafuata ramani, au ramani imebaki ukutani?

Tumechukua vijiji vitatu. Kimoja kiko chini ya milima ya Udzungwa, kimoja ukingoni mwa mbuga, yaani tambarare ya mto inayofurika, kingine ng'ambo ya mto. Majina nayaacha, maana kuna mashauri ya mipaka ambayo hayajaisha na sitaki shajara iwe ushahidi wa mtu.

Zana zenyewe ni za bure. Sentinel-2, setilaiti za Ulaya, inapiga picha tangu 2015, na tangu setilaiti yake ya pili iliporushwa mwaka 2017, mahali pamoja panapigwa kila baada ya siku tano. Piseli moja, yaani kitone kidogo kabisa cha picha, ni mita 10 kwa 10. Huku watu wanahesabu kwa ekari, kwa hiyo nimegeuza: ekari moja ina piseli 40 hivi za Sentinel-2. Kwa Landsat, setilaiti za Marekani zenye piseli za mita 30, ekari hiyo hiyo ni piseli nne na nusu. Shamba la mkulima wa kawaida wa mpunga linaonekana vizuri kwenye ya kwanza. Kwenye ya pili linabahatisha.

11 Machi

Mwenzangu anataka turudi nyuma hadi 1984, Landsat 5 ilipoanza kazi. Namwelewa, picha za zamani zina utamu wake. Lakini maktaba ya Landsat kwa Afrika Mashariki ina pengo kubwa miaka ya 1990. Landsat 7 nayo, tangu kifaa chake kimoja kiharibike Mei 2003, picha zake zina michirizi mitupu inayokula zaidi ya asilimia 20 ya kila picha. Bonde lenye mawingu nusu mwaka, ukiongeza na michirizi, unabaki na viraka.

Tumekubaliana: mwanzo wa kipimo chetu ni mwaka ambao kila kijiji kilipitisha mpango wake. Kwa bahati njema hiyo ni miaka ambayo Sentinel-2 ilikuwa imeshaanza. Landsat tutaitumia kwa jambo moja tu, njia ya mto, maana mto haujali ekari.

24 Machi

Siku nzima ilikwenda kwenye mipaka.

Faili la mpaka wa kijiji cha mlimani lilipowekwa juu ya picha, mstari mzima wa nyumba za upande wa kusini ulitoka nje ya kijiji. Upande wa kaskazini kijiji kikapewa kipande cha msitu ambacho hakijawahi kuwa chake. Anayeijua kazi hii anacheka tu: ni Arc 1960, mfumo wa zamani wa koordineti. Vipimo vingi vya ardhi nchini vilifanywa kwa mfumo huo, ilhali picha za setilaiti na simu zetu zinatumia WGS 84. Ukiweka koordineti za mfumo mmoja juu ya mwingine bila kugeuza, huku kwetu kila kitu kinaruka karibu mita 300 kuelekea kaskazini. Faili halikuwa na neno hata moja la kueleza limetoka mfumo gani.

Mita 300 kwenye ramani ya mkoa hazionekani. Kwenye kijiji kilichobanwa kati ya barabara na msitu, ndizo kijiji chenyewe. Ripoti ingetoka hivyo ingewatuhumu watu kwa kuvamia msitu wakiwa wamelala majumbani mwao.

Kuna na hili la kanda za UTM, vipande vya nyuzi sita ambavyo ramani ya dunia imegawanywa. Mstari wa longitudo ya nyuzi 36 mashariki unalikata bonde: Ifakara iko kanda ya 37, Mlimba iko kanda ya 36. Ukichukua faili kutoka pande zote mbili na kuyaunganisha bila kuangalia, QGIS, programu yetu ya ramani, haitalalamika, itakupa tu jibu la ajabu. Hesabu zote za maeneo sasa zinafanyika kwa projeksheni moja, yaani njia moja ya kuilaza dunia kwenye ramani bapa, inayotunza ukubwa wa eneo, na kila faili linaandikwa mfumo wake kwenye jina lenyewe la faili. Ni jina refu na baya, lakini hakuna atakayeuliza tena.

8 Aprili

Masika. Picha ya Sentinel-2 ukiifungua mwezi huu unaona pamba tupu. Milima ya Udzungwa inayashika mawingu, na chini yake mbuga yote inafunikwa kuanzia Desemba hadi Mei. Bahati mbaya ndiyo miezi ambayo mpunga uko shambani.

Kwa hiyo rada. Sentinel-1 hupeleka mawimbi yake yenyewe na kusikiliza yanavyorudi, wingu haliizuii na usiku hauizuii. Maji matulivu huyarusha mawimbi upande wa pili, hayarudi, basi piseli inakuwa nyeusi. Mpunga ukishasimama ndani ya maji, mashina na uso wa maji hushirikiana kuyarudisha, piseli inang'aa. Ukipanga picha za msimu mzima kwa mfuatano, shamba la mpunga lina mwendo wake: linaanza jeusi, linapanda mwanga wiki kwa wiki, kisha linashuka baada ya mavuno. Matete ya asili hayaanzi jeusi, kwa kuwa mashina yake yalikuwepo hata kabla ya maji kuja.

Nilimweleza afisa ugani wa kata haya yote kwa fahari. Akasikiliza hadi mwisho, akasema, "Sawa. Lakini wengi hapa humwaga mbegu ardhi ikiwa kavu, maji yanakuta mpunga umeshaota." Basi kwa mashamba hayo hakuna weusi wa mwanzo. Alama ya kutafuta ni udongo mtupu uliolimwa, Novemba na mwanzoni mwa Desemba kabla mawingu hayajafunga, na hapo Sentinel-2 bado inaona. Tunaunganisha zote mbili: Sentinel-2 kwa udongo, rada kwa maji na mimea.

Upungufu uliopo ni wa picha zenyewe. Moja ya setilaiti mbili za Sentinel-1 ilikufa Desemba 2021, na kwa miaka kadhaa iliyofuata mahali pamoja palipigwa kila siku 12. Mbadala wake ulirushwa Desemba 2024. Kwa miaka ya katikati tunayo tuliyonayo.

6 Mei

Wiki ya mitiki.

Ramani ya kwanza ya mabadiliko ilitoka na vipande vikubwa vyekundu ng'ambo ya mto, kingo zimenyooka kama zimekatwa kwa rula. Rangi nyekundu kwetu ni msitu uliofyekwa. Afisa mmoja wa wilaya aliyekuwa amekaa pembeni alishtuka kweli, akataka kupiga simu. Ni mashamba ya mitiki, yaliyoanza kupandwa miaka ya 1990. Mtiki huangusha majani kiangazi. Picha ya mwaka wa mwanzo ilikuwa ya Juni, miti ina majani. Ya mwaka wa pili ilikuwa ya Septemba, miti imesimama mitupu. Hakuna shoka lililopita.

Miombo nayo ina tabia hiyo, tena yenye hila zaidi. Inapukutisha kiangazi, halafu inatoa majani mapya, mengi yakiwa mekundu, kabla mvua haijanyesha hata tone. Ukichukua kipimo cha ukijani, kile ambacho watu wa fani hukiita NDVI, mwishoni mwa Agosti utasema msitu umekufa. Ukirudi katikati ya Oktoba utasema umefufuka. Miwa ya upande wa Kidatu ndiyo kabisa: inakatwa kitalu kwa kitalu msimu mzima wa kiwanda, kila mwezi kuna kipande kitupu na kipande kibichi, na vyote ni miwa.

Kwa maoni yangu ramani nyingi za "uharibifu" zinazoonyeshwa kwenye semina ni kalenda iliyopakwa rangi. Tumeandika kanuni ubaoni: mwezi kwanza, mwaka baadaye. Julai inalinganishwa na Julai. Mwaka usio na picha safi ya mwezi huo unarukwa, haukopi picha ya mwezi mwingine. Aidha kipande hakihesabiwi kuwa kimebadilika mpaka kikae katika hali mpya kwa misimu miwili mfululizo.

Vipande vyekundu vimepungua sana. Vilivyobaki ndivyo vya kwenda kuviona kwa macho.

17 Juni

Mbugani. Barabara inapitika, na kuvuka si shida tena tangu daraja la Kilombero lichukue nafasi ya kivuko. Wengi wamehamia shambani na familia. Vibanda vya nyasi kila upande, na madungu ya kuamia ndege bado yamesimama. Upande huu wanavuna kwa mundu, kule mbali kuna mashine ya kukodi inayovuna na kupura kwa pamoja, vumbi lake linaonekana kabla ya yenyewe.

Fomu ya uhakiki ina maswali mawili kwa kila nukta: hapa kuna nini sasa, na Februari kulikuwa na nini. Kwenye nukta moja, ambayo mpango wa kijiji umeipaka rangi ya malisho na rada yetu imeipaka rangi ya mpunga, tulimkuta mama mmoja anafunga miganda.

"Shikamoo mama."

"Marahaba wanangu, karibuni."

Nikamwuliza kama hapa ni shamba au malisho. Akaniangalia kama mtu aliyeulizwa kama leo ni mchana.

"Ni shamba mpaka nivune. Nikishatoa mpunga, wenye ng'ombe wanakuja, tunapatana, wanakula mabua, mbolea inabaki kwangu. Mwezi wa kumi na moja wanaondoka, nalima."

"Na mwaka wa mafuriko?"

"Mwaka wa mafuriko si shamba wala malisho, ni ya kambare."

Tukaongeza swali la tatu kwenye fomu papo hapo, kwa kalamu: ng'ombe huingia lini, hutoka lini. Kuanzia nukta ile hadi jioni, karibu ukanda wote wa mbuga ulijibu vivyo hivyo, tarehe tu zikitofautiana kadiri unavyosogea karibu na mto, ambako maji hukawia kutoka.

Usiku nilikaa na picha za mwaka mzima za ukanda ule. Sasa zinasomeka. Novemba udongo, Machi maji na majani, Juni manjano, Agosti kijivu na vijia vya ng'ombe vinavyokutana kwenye mabwawa. Kipande kimoja, matumizi mawili, na mpango wa kijiji umekipa rangi moja. Ukiutazama mpango pamoja na picha ya Machi utaandika kwamba wakulima wamevamia malisho. Ukiutazama pamoja na picha ya Agosti utaandika kwamba mpango unafuatwa barabara.

8 Julai

Kikao cha kijiji cha ng'ambo, darasani. Tulichapa picha kubwa kwa rangi za asili. Ile ya rangi za bandia ambamo mimea huwa myekundu tuliiacha kwenye gari. Kila ukiipeleka kijijini dakika ishirini za kwanza zinakwisha kwa kueleza kwa nini mpunga ni mwekundu. Karatasi ilitandazwa sakafuni, wazee wakavua viatu na kuingia juu yake.

Kwanza hutafuta kwao. Paa la bati linaonekana kama nukta nyeupe, shule inaonekana, barabara inaonekana. Baada ya hapo ndipo mazungumzo huanza. Mzee mmoja alifuata kwa kidole upinde wa kijani iliyokolea katikati ya mashamba, akasema huo ndio mto aliouvuka akiwa kijana. Tulikuwa tumeshauona kwenye Landsat: mkondo ulihama, ukaacha kovu la matete. Tatizo ni kwamba muhtasari wa zamani wa mpaka unasema "mpaka ni mto", na faili la koordineti limefuata mto mmoja kati ya hiyo miwili. Upi, inategemea unamuuliza nani. Mtendaji akasema hilo lisijadiliwe leo. Tukaliandika, hatukulijadili.

Waliuliza pia kama tunaona ng'ombe. Hapana, ng'ombe ni mdogo mno kwa piseli ya mita 10. Kicheko kilichofuata kilikuwa cha watu waliopumua.

19 Agosti

Mawingu hakuna, picha safi kila baada ya siku tano. Sasa shida ni moto.

Nyasi za mbuga zinachomwa kuanzia Julai. Kovu la moto kwenye picha ni jeusi, na shamba lililosafishwa kwa moto kwa ajili ya kulimwa nalo ni jeusi. Kwa picha moja huwezi kuvitenganisha. Lakini mbuga ina unyevu chini, na nyasi zilizochomwa huchipua hata bila mvua. Ndiyo maana wafugaji huchoma: wanatafuta chipukizi. Shamba lililochomwa halichipui kijani cha maana, linabaki tupu hadi mvua. Kwa hiyo tunangoja wiki tatu na kutazama tena piseli ileile. Kanuni hii imetatua sehemu kubwa ya mabishano yetu ya ofisini, ingawa kwenye miinuko mikavu inashindwa, kwa sababu huko nyasi nazo hungoja mvua.

Kijiji cha mlimani kimekamilika. Huko hakuna suala la misimu: sehemu ya msitu wa hifadhi ya kijiji imefunguliwa, mwezi uleule, mwaka baada ya mwaka, na haijafunga tena. Tulipanda kuangalia, tukakuta mahindi na migomba na visiki vyenye umri tofauti. Hekta ngapi sitaandika hapa mpaka halmashauri ya kijiji ipewe kwanza. Ni nambari yao, na ikitangulia kufika wilayani watasikia wameshtakiwa.

Upande wa Magombera kuna kazi kubwa ya ushoroba wa tembo kati ya Udzungwa na Hifadhi ya Nyerere. Inafanywa na wengine, hatuigusi.

16 Septemba

Kikao na wilaya. Tulipeleka ramani mbili za ukanda wa mbuga, moja ya Februari hadi Mei na nyingine ya Agosti hadi Oktoba, tukapendekeza mpango wa kijiji utakapopitiwa upya uzibebe zote mbili.

Afisa mipango alikuwa na swali la haki: kiolezo kina rangi moja kwa kila kipande, hii ya pili ataiweka wapi? Nyuma ya rangi hiyo kuna mambo mazito. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999 inagawa ardhi ya kijiji mafungu matatu: ya matumizi ya pamoja, ya watu binafsi na kaya, na ya akiba. Ukanda ukiandikwa malisho unaingia fungu la pamoja, na yule mama wa miganda hawezi kupata hati ya kimila ya shamba alilolima miaka yote. Ukiandikwa kilimo, hati zitatoka, na mwenye hati siku moja ataweka uzio au atauza. Ng'ombe watapita wapi? Bonde hili limeshaona ng'ombe wakiondolewa kwa nguvu, 2012 na 2013, hakuna anayetaka kurudi huko.

Zaidi ya hapo mbuga si ya vijiji peke yao. Tangu 2002 ni ardhi oevu yenye umuhimu wa kimataifa chini ya Mkataba wa Ramsar, kilomita za mraba 7,967, na Kilombero ndio mkono unaoleta maji mengi kuliko mingine yote ya mto Rufiji, ambako chini yake limejengwa bwawa la umeme la megawati 2,115. Mtu wa maji kwenye kikao alilirudia hilo mara kadhaa, na sikumlaumu.

Mwanasheria wa halmashauri ndiye aliyefungua njia. Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi Na. 6 ya 2007 imeifanya halmashauri ya kijiji kuwa mamlaka ya upangaji, na kijiji kinaweza kutunga sheria ndogo. Ukanda ubaki wa pamoja kwenye ramani, lakini sheria ndogo itambue haki ya kulima kwa msimu, na itaje ni lini mbuga inafunguliwa kwa mifugo na lini inafungwa. Ramani zetu mbili ziwe kiambatisho cha sheria ndogo, si cha mpango. Afisa mipango akakubali, kiolezo chake kimebaki salama.

29 Septemba

Rasimu ya sheria ndogo imesomwa kijijini. Kifungu cha kufungwa kwa mbuga, Novemba, kilipita bila neno. Cha kufunguliwa ndicho kimekwama. Wafugaji wanataka tarehe iandikwe, 1 Agosti, kila mtu aijue. Wakulima wanataka iandikwe "mavuno yakiisha".

Mwenyekiti alitugeukia: setilaiti si inaona? Iseme yenyewe mavuno yameisha. Kwa ukanda mzima inaweza, ikichelewa siku chache. Kwa mtu mmoja mwenye ekari moja aliyechelewa kupanda kwa sababu maji yalikawia kwake, piseli zake 40 zitazungukwa na mashamba matupu, na picha itaweza kuonyesha kwamba bado hajavuna lakini haitamzuia ng'ombe. Tumependekeza kamati ya usimamizi wa matumizi ya ardhi ya kijiji ndiyo itangaze, ikiwa imetembea ukanda wote, picha ya wiki hiyo ikiwa mkononi.

Wafugaji wameuliza ni wangapi kati yao watakuwa kwenye kamati hiyo. Kwa sasa yumo mmoja. Kikao kimeahirishwa hadi hilo lijibiwe.